Mashine ya Picha Nyumbani kwa Mama Ngalula

Wadogo zangu mliobaki kazini, kabla hamjasoma mbali naomba mnisamehe. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama barabara ya Kilwa, na maneno mengine nimeyaandika kama yanavyosikika mdomoni, si kama walimu wanavyotaka. Shule yangu iliishia darasa la sita. Ukurasa mmoja unanimalizia asubuhi nzima. Lakini siku ile mliponiaga mliniomba niseme neno, nikasimama, nikatazama viatu vyangu, nikakaa tena. Haya ndiyo niliyopaswa kusema.

Niliingia studio ya Mama Ngalula, pale Kamalondo, hapa Lubumbashi, nikiwa kijana mwenye haya nyingi. Ilikuwa miaka ile kampuni ya migodi ilipokuwa inaanguka. Baba yangu alikuwa bado anavaa kofia yake ya kazi kila asubuhi, anakwenda kukaa na wenzake mbele ya geti, kwa sababu ndani hakukuwa tena na cha kufanya. Mama yangu akaona afadhali mimi nikakae mahali penye cha kufanya.

Mama Ngalula alikuwa mwanamke mrefu, mwenye asili ya Kasai, jimbo la jirani, aliyewahi kufundisha hesabu. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akauliza:

"Unajua kufanya nini?"

Nikasema sijui kitu.

"Muzuri. Mwenye hajui kintu haharibu mbio."

Siku hiyo ya kwanza nilishika taulo na vibanio vya nguo. Kazi yangu ilikuwa kutundika filamu zilizooshwa kwenye chumba cha giza bila kuzigusa katikati. Nilizigusa. Hakupiga kelele. Alinionyesha alama ya kidole changu kwenye shavu la bibi harusi, akasema, "Sasa na weye uko mu ndoa yake." Tangu hapo nashika kila kitu pembeni, hata sahani.

Niwaambie pia kwa nini alizipenda picha kuliko mashine zake. Kabla sijamjua, katika vurugu za zamani, watu wenye asili ya Kasai walisukumwa kutoka majumbani mwao, na yeye alikaa stesheni na familia nyingine wakingojea treni. Aliporudi baadaye alikuta nyumba imeungua pamoja na sanduku la filamu zake zote. Mume wake alikuwa amekwisha kufa, na hakubaki na picha yake hata moja. Hilo hakulisema mara nyingi. Alisema tu, kila tulipomaliza kazi ya siku, "Ziweke mahali pawili." Hiyo ndiyo dini ya studio ile. Sehemu moja haitoshi, hata kama sehemu hiyo ina kufuli.

Kisha filamu zikaisha mjini, zikaja kamera za kompyuta. Tukaweka picha kwenye sidi. Vumbi letu jekundu likazila sidi. Tukaziweka kwenye kompyuta kubwa ya studio, iliyokuwa inanguruma kama kinu cha mahindi na kula umeme kama kinu cha mahindi. Wakati huohuo umeme wenyewe ulikuwa unakufa. Kwanza ilikuwa delestaji, yaani kukatiwa kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Halafu zamu ikapotea, ikabaki kukatiwa. Tulikuwa na jenereta, lakini jenereta nayo ilikuwa mgeni mwenye njaa. Na kila vurugu zilipovuma mjini, maduka ndiyo yaliyovunjwa kwanza. Mama Ngalula akaamua: picha zinahamia nyumbani kwake, na mashine itakayozitunza lazima iridhike na kidogo.

Tuliipata mashine Golf, mtaa wa matajiri. Familia moja ilikuwa inafunga villa yake na kuondoka nchini, inauza kila kitu hadi mapazia. Kwenye kona ya gereji kulikuwa na kompyuta ndogo ya ofisi, si kubwa kuliko Biblia ya madhabahuni, isiyo na feni. Mwenye nyumba alidhani imekufa kwa sababu haikutoa sauti. Mama Ngalula aliiwasha, akaweka kiganja juu yake, akanong'ona kwa furaha, "Iko kimya kama weye, Ilunga." Ilikuwa inakula umeme wa taa moja, na ilikubali moja kwa moja umeme wa betri ya gari, bila kibadilishaji katikati. Hilo lishikeni: kila mara unapobadilisha umeme kutoka aina moja kwenda nyingine, kuna unaopotea njiani, kama unga unaomwagika ukiuhamisha kwenye mifuko mitatu.

Tukaijenga hivi. Paneli ya jua juu ya bati, regulata ya kuongoza chaji ukutani, betri ya gari chini ndani ya beseni la plastiki, mashine juu ya rafu. Kwenye mashine tukafunga diski mbili kubwa tulizozitoa kwenye kompyuta zilizokufa, na kila picha ikaandikwa kwenye zote mbili. Hiyo ndiyo seva: mashine inayokaa mahali pamoja, inatunza mafaili, na kompyuta nyingine za nyumbani zinaiomba. Hatukuwa na mwalimu. Mama Ngalula alisoma maelekezo ya Kifaransa kwa sauti, mimi nikaunganisha nyaya. Mahali ambapo yeye hakuelewa na mimi sikuelewa, tulikunywa chai.

Tatizo la kwanza lilitoka kwa Kaku, yaani bibi, mama mzazi wa Mama Ngalula. Ninyi mnajua nyumba zetu. Redio ina kitambaa cha kufuma juu, televisheni ina chake, na mgeni akikuta kitu kitupu anadhani hapo hakuna wanawake. Kaku aliona mashine mpya imekaa uchi rafuni, akaifumia kitambaa kizito cheupe chenye maua pembeni, akaifunika mpaka magotini. Mashine isiyo na feni inapumua kwa ngozi yake. Mchana ikazima yenyewe. Tukaiwasha, ikazima. Niliona sababu, lakini nani amwambie Kaku?

Mama Ngalula alijaribu. "Kaku, ile mashini iko natoka jasho."

"Basi mumupepee."

"Haina ya kupepea, Kaku. Ni nguo. Nguo yako inamupikisha."

Kaku akakivua kitambaa, akakikunja, akakitandika chini ya mashine. "Haya. Hata mwenye joto banamutandikia." Ikakaa hivyo, na hakuna aliyepinga.

Tatizo la pili lilikuwa letu wenyewe, na hili nalieleza kwa urefu kwa sababu mmelirithi. Sisi watu wa Lubumbashi tumefundishwa na delestaji: ukitoka chumbani, zima. Taa inayowaka bila mtu ni dhambi. Kwa hiyo tuliiagiza mashine kwamba diski zikikaa kidogo bila kuombwa kitu, zilale. Tulijisifu. Ukipita usiposikia mvumo wa diski, unasema moyoni, hapo tunaokoa. Mtu akija kutafuta picha, zinaamka, anapata, zinalala tena. Watu walikuja mmoja mmoja kutwa nzima, na diski ziliamka na kulala kutwa nzima, na sisi tukaona ni akili.

Hatukuwa tumewahi kupima zinakula nini zikiamka.

Basi ikaja ile miezi mibaya. Kule kaskazini kulikuwa na mapigano, na watu walikuwa wanashuka kutoka Pweto na Kilwa, wengine kwa lori, wengine kwa miguu, na mzigo mmoja kichwani. Mjini umeme ulikuwa umepotea kabisa, na mvua ilifunika jua, paneli yetu ikawa inanusa mwanga tu. Asubuhi moja lori lilisimama mbele ya nyumba, lenye harufu ya samaki wakavu. Akashuka Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mteja wetu wa siku nyingi, na nyuma yake mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni.

"Mama Ngalula, tuko na kilio," alisema kabla hajakaa. "Paluku, mudogo wangu."

"Paluku wa lori? Ule wa kucheka-cheka?"

"Eee, njo yeye. Daraja ilimuangusha, kati ya Kilwa na Pweto. Bantu ba kule balimuzika palepale, kabla habari itufikie. Huyu ni Kavira, muke wake. Amefika jana."

Mama Ngalula alimshika Kavira mikono yote miwili, akamketisha. Papa Kambale akaendelea kwa sauti ya chini. Nyumbani kwake turubai limefungwa, viti vimepangwa, watu wamekuja kulia, na mbele yao kuna meza na mshumaa, basi. Hakuna mwili. Hakuna picha. Kwetu hata maskini ana picha yake kubwa mezani siku hiyo, na ndugu wanaivaa vifuani.

"Bantu banaikala, banaangalia meza," alisema. "Banalilia meza."

Ndipo Kavira akasema, akimgeukia mtoto mgongoni badala yetu.

"Telefoni balinipokonya mu njia. Nyumba ilibakia na bintu byote. Nikifunga macho naona mikono yake. Naona shati. Sura inanikimbia. Kila siku inakimbia mbali zaidi. Huyu mutoto ataniuliza, nitamuambia nini?"

Nilikumbuka vizuri kwamba Paluku alikuja studio kabla ya mvua kuanza, kupiga picha ya leseni. Nikasema, "Tuko naye." Nadhani ndiyo maneno ya kwanza Papa Kambale kuyasikia kutoka kwangu kwa miaka yote. Nikaiwasha mashine.

Taa ndogo ya kijani ikawaka. Diski zikaanza kuvuma, zikapanda kidogo, kisha zikagonga: ta, ta, ta. Mashine ikazima. Nikajaribu tena. Ta, ta, ta. Kiza. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe mara nyingine, Mama Ngalula akaudaka hewani.

"Wacha! Utaziua. Zikikufa, Paluku anakufa mara ya pili."

Kavira alisikia. Tulimwona akisikia.

Nilichukua multimeta, nikapima betri. Ilionyesha namba nzuri kabisa, ya kumpendeza mtu yeyote. Nikashika vigusio palepale, Mama Ngalula akaiwasha kwa muda wa kupepesa jicho tu, na namba ikaanguka kama jiwe kisimani. Papa Kambale alikuwa ameinama nyuma yangu.

"Batri yenu imezeeka," alisema. "Ikiikala, inaongea muzuri. Ukimubebesha muzigo, anapiga magoti. Hizi bintu munaziwasha mara ngapi?"

"Kila mutu akikuya," alijibu Mama Ngalula. "Akienda, zinalala."

"Aaa, Mama! Mwalimu muzima wa hesabu! Chauffeur wangu akizima motere kila mahali anashusha gunia, mi namufukuza. Kuwasha njo kunakula batri, haina kutembea!"

"Mi nilifundisha hesabu, Papa. Sikufundisha malori."

Hata Kavira aliinua uso kidogo. Na Papa Kambale alikuwa amesema kweli yote. Diski kubwa ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko inavyovuta ikizunguka, na zetu zilikuwa mbili, zikiamka pamoja, tangu asubuhi hadi jioni, juu ya betri ambayo jua halikuwa linaishibisha. Tulikuwa tumeiua kwa kubana matumizi.

Tukafanya hivi. Diski moja niliitoa waya zake zote, ikalala, maana zote mbili zilibeba kitu kilekile. Kama tungeipoteza ile ya kuamshwa, ingebaki nyingine. Kisha ilitakiwa betri yenye nguvu, na Papa Kambale akatoka mwenyewe na spana. Lori lina betri mbili zinazosaidiana. Moja peke yake ni umeme uleule wa gari dogo, ambao mashine yetu inaukubali. Akaifungua moja, akaibeba mikononi hadi ndani, suti yake ya kilio ikachafuka grisi. Majirani walikuwa wamejaa getini.

"Papa, lori lako ni sasa kibanda!" mmoja akamtania.

"Ni kibanda. Njoo upange!" akajibu bila kugeuka.

Nikaunganisha. Nikaangalia mara mbili kwamba nyekundu iko kwenye nyekundu. Mama Ngalula alisema kitu kwa Kiluba ambacho sikukielewa na sikuuliza. Nikabonyeza.

Diski ikavuma. Ikapanda. Ikapita pale ilipokuwa inagonga, ikaendelea kupanda, ikatulia kwenye sauti moja nyembamba. Wadogo zangu, nimesikia kwaya nyingi mjini hapa.

Mafaili yetu yamepangwa kwa siku, kama mnavyojua. Nilirudi nyuma hadi kabla ya mvua, nikafungua siku moja, nikafungua nyingine, na hapo alikuwa. Paluku, shingo imenyooka, mdomo umefungwa, ndani ya koti jeusi. Koti hilo si lake. Ni lile la studio, linaloning'inia kwenye msumari nyuma ya pazia, ambalo wanaume wote wa Kamalondo wamelivaa kwa ajili ya leseni na pasipoti.

Papa Kambale alivua kofia. "Njo yeye. Photo ya heshima. Inafaa kabisa."

Kavira alitazama muda mrefu.

"Sura ni yake," alisema. "Lakini ameikala kama mutu banataka kumuhukumu. Hakukuwa hivi hata siku moja."

"Kavira, ni photo ya kilio..."

"Ya kilio mutie hii, Yaya, mukubwa wangu. Sikatai. Lakini hii nikimuonyesha mutoto, atafikiri baba yake alikuwa mutu wa bureau, wa makaratasi."

Hapa nieleze jambo ambalo wengi wenu hamkulijua. Mimi sikuweza kamwe kumwambia mteja "inua kidevu, geuka hivi". Maneno yalinikwama. Kwa hiyo nilipiga kwanza picha moja wakati mtu bado anajiweka sawa, nikisingizia kupima mwanga, ili nipate muda wa kujikusanya. Picha hizo hazikuuzwa. Mara nyingi niliomba ruhusa kuzifuta, nafasi ipatikane, na kila mara Mama Ngalula alinijibu, "Zinakuomba chakula? Ziache."

Nikarudi nyuma picha moja.

Paluku alikuwa na shati lake la mistari, vifungo viwili wazi, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine bado nje, unaning'inia hewani kama wa mtu anayecheza. Macho yamekaribia kufumba. Mdomo uko wazi kabisa. Picha imetikisika kidogo.

Kavira alisogea mpaka karibu na kioo, akaweka kidole pale kwenye mkono unaoning'inia, akakitoa haraka kama aliyeungua.

"Njo yeye," alisema. Kisha: "Alikuwa anasema nini?"

Papa Kambale akamtazama Mama Ngalula. Mama Ngalula akanitazama mimi. Mimi nikatazama waya. Nilijua. Sikuwa nimesahau hata neno, kwa sababu siku ile yalinichoma masikio kwa haya. Lakini kusema, mbele ya mjane, mbele ya mkubwa wa familia, utani wa marehemu, siku ya kilio chake! Nilitamani umeme ukatike.

"Ilunga," alisema Mama Ngalula taratibu. "Nani alikuwa mbele yake? Si weye? Mashini imetoa yenye iko nayo. Na weye toa."

Nikasema, nikiwa nimeinama:

"Aliniambia: 'Yaya, mbona unajifichama nyuma ya mashini? Kama ni sura yangu inakutisha, sema tu, nigeuke.' Nilicheka. Njo maana photo ilitikisika."

Nikafikiri nimeharibu.

Kisha Kavira akacheka. Alicheka kwa sauti, mkono mdomoni, mtoto mgongoni akitikisika, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, kile ambacho tangu afike mjini kilikuwa kimemgomea. Mama Ngalula akamkumbatia. Papa Kambale akasema anatoka kuangalia kama lori liko sawa, lori ambalo betri yake moja ilikuwa miguuni pake.

Alipotulia aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, na safari hii alikuwa anasogeza midomo pamoja nami, anayashika maneno moja moja, "nigeuke, nigeuke," ili ayapeleke yote nyumbani. Tulichapa picha zote mbili kwa betri ya Papa Kambale. Ya koti ilikwenda mezani kwenye kilio. Ya pili Kavira aliifunga ndani ya kitenge, upande wa mtoto.

Betri ile Papa Kambale hakuirudisha kwenye lori. Alisema lori litapata nyingine. Tuliacha kuzilaza diski mchana, na baadaye tukazibadilisha na diski ndogo za kompyuta za mkononi, ambazo zikiamka hazishtui mtu. Ndizo mlizonazo sasa. Msizilaze kila dakika, hata kama mkono wa Kilushois, wa watu wa mji huu, unawashwa kutaka kuzima. Mama Ngalula aliishi kuziona zikizunguka miaka mingi. Nikiandika haya namshukuru. Namshukuru na Kaku, na Papa Kambale, na Paluku aliyecheka na mpiga picha asiyejua kuongea.

Tangu asubuhi ile niliongeza kazi moja ambayo hakuna aliyenituma. Pembeni ya kila picha niliweka faili dogo la maandishi, mstari mmoja au miwili: mtu huyu alikuwa anasema nini. Wengine walilalamikia joto. Wengine waliuliza kama tumbo linaonekana. Mama mmoja aliomba nimsubiri amalize kumkaripia mume wake. Ninyi mmeyaona mafaili hayo na mmekuwa mkidhani ni takataka za mashine. Si takataka. Msiyafute, na endeleeni kuyaandika.

Sasa nina ombi, na ndilo hasa lililonikalisha kwenye meza hii. Nijibuni. Mpeni yeyote anayepita mtaani kwangu karatasi, ataniletea. Sihitaji kujua diski zimekuwa kubwa kiasi gani. Mnitajie mtu mmoja tu aliyekaa mbele yenu wiki hii, na mniandikie neno alilosema kabla hajafunga kifungo cha koti.